Enjili Katika Bahari ya Utenzi: Kazi ya Mathias Mnyampala

Mwaka wa 1963 ulipofika, utenzi wa Kiswahili ulikuwa umekwisha kuwa na umri mkubwa. Chuo cha Herekali, kazi ya Bwana Mwengo wa Pate, ni cha mwaka wa 1728. Na tangu hapo fani hii ilikuwa imelelewa na Uislamu, ikifunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Mwaka huo Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki wa bara, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Mnamo Desemba mwaka uo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliidhinisha matumizi mapana zaidi ya lugha za wenyeji katika liturjia. Mshairi, basi, hakuusubiri mtaguso.

Swali linalomkabili mhakiki ni hili: je, fani yaweza kutengwa na dini iliyoilea? Wapo washikiliao kwamba haiwezekani. Hata hivyo, msamiati wenyewe unawapinga. Enjili, Zaburi, malaika, dhambi, sadaka, sala (neno ambalo Wakatoliki wamelishika zaidi kuliko Waprotestanti wapendao “maombi”) yote yana asili ya Kiarabu, na Mkristo wa Kiswahili hana mengine. Ugumu uko kwingine, kwenye maneno yaliyotoka Roma. “Sakramenti” au “Ekaristi” lina mizani minne. Katika mshororo wa mizani minane neno moja limekwisha kula nusu ya nafasi, na likiangukia mwisho linadai kina ambacho Kiswahili hakina kwa wingi. Hapo ndipo ustadi wa mtunzi hupimwa, wala si katika uchaji wake.

Enjili ni masimulizi, na utenzi ni chombo cha masimulizi. Safari, miujiza na mateso huenda sawia na mwendo wake wa haraka. Utenzi wa Zaburi, uliofuata, ulikuwa na kazi ngumu zaidi. Zaburi hulia, hushukuru, hulaani, na pengine hufanya yote matatu katika wimbo mmoja. Kina cha bahari kisichobadilika toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho huelekea kuzisawazisha hisia hizo. Al-Inkishafi huomboleza vizuri, ni kweli, lakini mishororo yake ni ya mizani kumi, na pumzi hiyo ya ziada si jambo dogo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mnyampala alijulikana zaidi kwa ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyotumika kufundishia siasa ya ujamaa. Inashawishi kuzifananisha na katekisimu, ambamo swali huulizwa na jibu likatolewa kwa ukamilifu. Lakini majibizano yalikuwako Mombasa tangu zama za Muyaka, na huko hakuna aliyejua mapema nani angeshinda. Katika ngonjera mjinga hushindwa daima, akashukuru.