Kontroboksi

Kwa mafundi umeme wa magari wa Bagamoyo, kontroboksi ni kisanduku cha kielektroniki kinachoongoza injini, ingawa gari la leo lina visanduku kadhaa vinavyopashana habari kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo uliotangazwa na Bosch mwaka 1986. Msimbo U0100 kwenye mashine ya kupimia husema tu kwamba mawasiliano na kisanduku hicho yamekatika, wala hauthibitishi kwamba chenyewe kimekufa, hivyo kukibadilisha papo hapo ni kumtia mwenye gari hasara bure. Pwani, ambako hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye pini za shaba, betri ichomolewe kwanza, kisha upimwe ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi: kwa magari mengi omu 60 huashiria nyaya nzima, na 120 huashiria kwamba upande mmoja umekatika.