Zamani Tulishea Kompyuta, Sasa Kompyuta Zinatushea

Wasee, mkiona mtu anafanya kazi nyumbani na kompyuta tatu na kibodi moja, msimcheke. Kuna historia hapo.

Mwaka 1961, pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS: kompyuta moja, watu kadhaa wanaitumia kwa wakati mmoja, kila mtu na kibodi yake. Kompyuta ilikuwa ghali ajabu, kwa hivyo saa zake ndizo zilihesabiwa. Binadamu alipanga foleni.

Halafu mashine zikashuka bei, mambo yakageuka. Ikaja swichi ya KVM: unabonyeza kitufe, kibodi, skrini na mausi vinahamia kompyuta nyingine. Mwaka 2001 ikatoka programu ya Synergy. Hapo kila kompyuta inabaki na skrini yake, lakini mausi inavuka kutoka hii hadi ile kupitia mtandao, na kibodi inaifuata.

Mnaona? Watu hushea kile kilicho adimu. Siku hizi kompyuta ndizo zinapanga foleni, zikingoja mikono miwili. Basi ukimtoza mteja, usihesabu vifaa peke yake. Hesabu saa zako.