Kutoka Msonge Hadi Bati: Tulipata Nini, Tuliacha Nini?

Tumezoea kuzungumzia pamba, mpunga na kuku. Leo tuzungumzie paa lililo juu ya kichwa chako.

Ukipita Kisesa, ingia Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Kaa ndani ya nyumba ya nyasi saa nane mchana. Kuna ubaridi. Nyasi nene hazipitishi joto upesi, ukuta wa udongo huchelewa kupata moto, na paa lililoshuka chini huukinga ukuta na jua.

Basi wazee waliiacha kwa nini? Hawakuwa wajinga. Msonge ulishika moto, mchwa waliula, ulikuwa na giza na moshi, na papasi walijificha kwenye sakafu wakaleta homa. Fedha ya pamba ilipoingia, watu wakachagua bati. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya pamba vya kanda yetu viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Pamba ndiyo iliyonunua baiskeli, plau na mabati.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Familia zilihama kutoka miji iliyotawanyika, yenye uzio wa minyaa na miti ya miaka mingi, zikapangwa kwenye viwanja vipya. Wengi waliacha kivuli nyuma yao.

Bibi yangu alijengewa nyumba ya bati na wanawe. Kila mchana alichukua mkeka akakaa chini ya mwembe. Tulidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe alikuwa anakimbia joto. Lakini mgonjwa wa kitandani, au mama aliyejifungua juzi na kichanga chake, atakimbilia wapi? Na kule visiwani, kwenye kambi za wavuvi, kuna mabanda ambayo hata kuta ni bati.

Sisemi turudi kwenye msonge. Bati linadumu na linatupa maji ya mvua. Kosa letu ni kuchukua bati na kuacha vile vitu vitatu vya msonge: unene, hewa na kivuli. Vyote vinarudishika:

1. Unene: weka dari, walau chumba cha kulala. Paka bati rangi nyeupe ili lirudishe jua.
2. Hewa: acha matundu mapana juu ya kuta zinazotazamana, uyazibe kwa wavu wa mbu.
3. Kivuli: ongeza upenu, na panda mwembe au mwarobaini upande wa magharibi, kwenye jua la alasiri. Usiupande karibu sana na msingi.

Kama fedha ni kidogo, anza na mti. Mche ni bei ndogo, ila unahitaji miaka, kwa hiyo usingoje.

Mtu akizidiwa na joto, akaumwa kichwa na kupata kizunguzungu, mpeleke kivulini, mpe maji anywe kidogo kidogo. Akianza kuweweseka au akizimia, usimnyweshe kitu. Mmwagie maji mwilini, mpepee, na mumuwahishe kituo cha afya.

Mvua za vuli zikianza, chimba shimo la mti wako. Bibi hakuwa na diploma, lakini mambo ya joto aliyajua kabla yangu.