Pedeli ya Baiskeli Inapogonga: Mahali Inapolegea na Namna ya Kuikaza

Baiskeli nyeusi ya chuma, yenye fremu ndefu, breki za vyuma na kiti kipana cha mizigo nyuma, bado ndiyo gari la watu wengi katika nchi za Maziwa Makuu. Umbo lake lilitoka Uingereza, katika viwanda kama kile cha Raleigh mjini Nottingham, na baadaye likaendelezwa na makampuni ya Asia, yakiwemo Hero ya India na Phoenix ya Shanghai. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndizo baiskeli zilizoanza kuvusha abiria katika miaka ya 1960, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda. Nchini Burundi, vijana huteremka nazo kwenye barabara ya taifa namba 1, kutoka vilima vya Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakiwa wamefunga nyuma mikungu ya ndizi au magunia ya makaa.

Katika mteremko wa namna hiyo mpandaji husimama juu ya pedeli zote mbili. Lori liko mbele yake, bonde liko ubavuni, na uzito unaomsukuma kutoka nyuma huenda ukazidi uzito wa mwili wake. Pedeli ikichomoka hapo, hakuna fundi wa kuitwa. Hata hivyo pedeli haichomoki bila kutoa taarifa. Hugonga kwanza, ko, ko, ko, kila mguu unapokandamiza, na aghalabu hugonga kwa siku nyingi kabla ya kushindwa. Mlio huo ndio unaopuuzwa.

Mlio unatoka wapi

Wengi huilaumu pedeli yenyewe, ilhali kelele inayosikika chini ya wayo inaweza kutoka mahali pane. Inaweza kutoka katika gololi zilizo ndani ya pedeli. Katika hesi, yaani ile mistari ya kuzungushia, inayoishika ekseli ya pedeli kwenye mkono wake. Katika kotapini inayoufunga mkono huo kwenye ekseli kuu. Au katika gololi za ekseli kuu yenyewe, ndani ya bomba la fremu.

Namna ya kupambanua haihitaji chombo chochote. Baiskeli isimamishwe, mikono ya pedeli iwe sambamba na ardhi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mtu aziegemee pedeli zote mbili kwa viganja, kwa uzito wa mwili wake. Kisha mikono izungushwe nusu duara, uliokuwa mbele uende nyuma, na kuegemea kurudiwe. Mkono mmoja ukiruka kidogo huku mwenzake umetulia, kotapini ya upande huo imelegea. Mikono yote miwili ikiyumba pamoja, kuelekea fremu na kuiacha, tatizo liko kwenye ekseli kuu. Na ikiwa mikono imetulia lakini pedeli inachezacheza inaposhikwa kwa vidole, hapo itazamwe pedeli: ikicheza pamoja na ekseli yake, hesi zimelegea, ikicheza juu ya ekseli iliyotulia, ni gololi.

Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume

Kosa linaloharibu mikono mingi ya pedeli ni kuidhania pedeli ya kushoto kuwa sawa na ya kulia. Ya kulia hukazwa kama nati yoyote, kwa kuzungusha kuelekea inakozunguka mishale ya saa. Ya kushoto imechongwa hesi za kinyume, kwa hiyo mzunguko uleule unaoikaza ya kulia ndio unaoifungua ya kushoto. Anayelazimisha pedeli ya kushoto kwenye tundu la kulia huzisaga hesi za mkono, na mkono uliosagika haushiki tena. Pedeli nyingi huchapwa herufi R au L mwishoni mwa ekseli. Pasipo herufi, mwelekeo wa mistari hutosha kuonyesha.

Sababu ya tofauti hiyo huwashangaza hata mafundi. Mguu hukandamiza kuelekea chini daima, ilhali mkono wa pedeli unazunguka. Kwa hiyo uzito nao huizunguka ekseli ndani ya tundu lake. Panapokuwa na nafasi ndogo, ekseli hubingirika polepole upande ulio kinyume na mzunguko wa uzito. Anayetaka kuona jambo hili ashike kalamu kwa ngumi isiyobana, kisha aizungushe ncha yake kwa mkono wa pili: kalamu itajigeuza yenyewe upande wa pili. Lau pedeli ya kushoto ingekuwa na hesi za kawaida, ingejifungua njiani. Wilbur na Orville Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli mjini Dayton, Marekani, kabla ya kuunda ndege, walitangaza mwaka 1900 kuwa wanauza pedeli zisizojifungua.

Kuikaza ni kazi ya dakika chache. Hesi zisuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zipakwe grisi, na pedeli ianzwe kuzungushwa kwa vidole mpaka iingie kwa ulaini. Ikikataa mizunguko miwili ya kwanza, imepinda au imekosewa upande, na spana isiguswe kabisa. Ikiingia, hukazwa kwa spana namba 15 kwa nguvu zote za mkono.

Kotapini

Hapa ndipo penye shida kubwa, na ndipo panapofanyiwa kazi vibaya zaidi. Kotapini ni kipande cha chuma cha mviringo, chenye upande mmoja uliochongwa bapa na kwa mshazari, na ncha iliyowekewa hesi kwa ajili ya nati. Hupita katika tundu la mkono, na ule upande bapa hukandamiza kibapa kilichochongwa kwenye ekseli kuu. Kwa maneno mengine, kotapini ni kabari. Kinachoishika ni pigo la nyundo; kazi ya nati ni kuizuia tu isirudi nyuma. Anayejaribu kuivuta kotapini kwa kuikaza nati hukata hesi zake, kisha hushangaa kwamba pini ni mpya na bado inagonga.

Unene wake ni jambo la kuulizwa dukani. Baiskeli za asili ya Uingereza hutumia milimita 9.5, na zile za asili ya Ufaransa hutumia 9. Tofauti hiyo ya nusu milimita haionekani kwa macho, lakini pini nyembamba kwenye tundu pana haitakaza hata ikipigwa kutwa.

Kuitoa ya zamani kunahitaji subira. Nati ilegezwe mpaka ilingane na ncha ya pini, ili pigo lisizipinde hesi. Mafuta yadondoshewe na kuachwa yapenye. Kisha mkono wa pedeli uegemezwe juu ya kipande kizito cha bomba kilichosimama chini yake, kiasi kwamba kichwa cha pini kipate nafasi ndani ya bomba, ndipo pini ipigwe pigo moja zito. Egemeo hilo si la hiari. Bila hilo, nguvu ya nyundo hupita moja kwa moja hadi kwenye gololi za ekseli kuu na kuacha vishimo ndani ya bakuli zake. Mlio mmoja huondolewa na mwingine hupandwa.

Pini mpya hujaribiwa kabla ya kupigwa. Ikisukumwa kwa kidole, hesi zichungulie upande wa pili kiasi cha kupokea nati baada ya kugongwa. Zisipochungulia, upande bapa hupunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo na kwa usawa, kwa kuwa uso uliopinda hugusa mahali pamoja tu na utalegea kesho yake. Pini mbili huingizwa kwa kuelekeana kinyume: nati ya upande mmoja ikitazama juu, ya upande wa pili itazame chini. Zikielekezwa pamoja, mikono ya pedeli haitakuwa kwenye mstari mmoja, na mpandaji atahisi kama mguu mmoja unachechemea.

Baada ya kupigwa na kufungwa nati kwa kiasi, kazi haijaisha. Chuma laini cha pini hujikalia upya kinapobeba uzito. Kwa hiyo baada ya siku ya kwanza ya mizigo pini hugongwa tena, na nati hufuatishwa. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayotofautisha pini ya miezi na pini ya siku tatu.

Wapo wanaochomeka kipande cha bati la kopo kati ya pini na ekseli. Kwa kufika nyumbani jioni, hila hiyo inafaa. Ikiachwa, bati husagika, mkono huanza kucheza tena, na kila pigo hula kona za kibapa cha ekseli mpaka ziwe duara. Hapo hakuna pini yoyote itakayosaidia. Ekseli hubadilishwa, pengine na mkono pia. Ni hasara kubwa mara nyingi kuliko bei ya kotapini, ambayo ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa katika baiskeli nzima. Waendesha chukudu wa Goma, ambao chombo chao cha mbao hakina pedeli, wameepukana na adha hii, ingawa mlima hawana budi kuupanda kwa miguu.

Gololi

Pedeli inayocheza juu ya ekseli yake hufunguliwa kifuniko cha nje. Ndani mna nati ya kufungia, washa, kisha koni inayozibana gololi. Koni hukazwa mpaka pedeli iache kucheza, hurudishwa kidogo sana ili izunguke bila kukwaruza, na nati hufungwa juu yake. Grisi chakavu yenye mchanga ifutwe yote. Kupaka mpya juu yake ni kuchanganya msasa na mafuta. Wakati mwingine kelele ni ya boliti mbili tu zinazoshika mipira ya pedeli, na nati zake zikikazwa kelele huisha.

Kwenye ekseli kuu, bakuli ya kushoto ndiyo ya kurekebisha. Pete yake ya kufungia hulegezwa, bakuli huzungushwa ndani kidogo, na pete hukazwa tena huku bakuli imeshikwa isifuate. Bakuli ya kulia kwenye baiskeli za asili ya Uingereza ina hesi za kinyume, na haina haja ya kuguswa isipokuwa inapobadilishwa. Kila upande hubeba gololi 11 za robo inchi. Moja ikipatikana imevunjika au imepoteza mng'ao, hubadilishwa zote za upande huo, kwa sababu gololi mpya huzidi zilizochakaa kwa ukubwa na hubeba mzigo wote peke yake mpaka nayo ipasuke.