Hemanjioma ya watoto wachanga

Hemanjioma ni uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata watoto wachanga, mara nyingi kichwani, usoni au shingoni. Si saratani. Mtoto huzaliwa na ngozi safi, au yenye doa hafifu tu. Wiki chache baadaye doa huanza kuvimba, na kufikia mwezi wa tano sehemu kubwa ya ukuaji huwa imekwisha. Baada ya mwaka hivi hunywea polepole, kwa miaka kadhaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake unaweza usijitokeze, kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya watoto Kampala inampasa aupime kwa vidole: ni laini, na ukibonyezwa husinyaa kisha hujaa tena.

Seli za uvimbe huu hutoa VEGF na FGF-2, vichocheo vinavyoifanya mishipa mipya ichipue. IGF-2 nayo huwa nyingi wakati wa kukua. VEGF ikipungua, uvimbe hunywea. Inadhaniwa kwamba chanzo ni uhaba wa oksijeni tumboni, na kweli watoto njiti huupata zaidi. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa seli hizo zina GLUT1, protini iliyomo pia katika mishipa ya kondo la nyuma lakini haimo katika mishipa ya kawaida ya ngozi.

Kuhusu estrojeni, homoni ya kike, hoja kwamba inachochea uvimbe huu ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa. Wasichana huupata mara mbili au tatu zaidi ya wavulana, lakini vipimo vya homoni hiyo kwenye damu vimepingana. Homoni ya thairoidi ina kisa kilicho wazi zaidi: hemanjioma kubwa za ini hutoa kimeng'enya kinachoiharibu, na mtoto huhitaji dozi kubwa ajabu kuifidia.

Kuizuia adrenalini ndiko kulikobadilisha tiba. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi propranololi, dawa ya zamani ya moyo inayoziba vipokezi vya adrenalini, ilivyoufifisha uvimbe kwa watoto. Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa prednisoloni. Dozi ya kawaida ya propranololi ni miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa. Kwa mtoto wa kilo 5, kidonge kimoja cha miligramu 40 kina dozi ya takriban siku tatu hadi nne, na kukigawa sawasawa ni kazi ya mfamasia. Dawa hutolewa mtoto akiwa amenyonya, maana hushusha sukari ya damu.

Kampala, akiona uvimbe wa mishipa ya damu kwa mtoto, daktari hukumbuka pia saratani ya Kaposi, ambayo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, imeitibu kwa miongo mingi, kwa watoto pia. Nayo hulishwa na VEGF, ila hapa kinachochochea ni kirusi cha HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994. Huvimbisha matezi, hainywei yenyewe, na tiba yake ni ya kemikali, pamoja na dawa za kufubaza virusi kwa mwenye VVU.