Mafundi wa Mvuke Mdogo: Tarehe ya Vyama vya Injini Ndogo Uingereza

Januari 1898, jijini London, mhariri aitwaye Percival Marshall alitoa toleo la kwanza la jarida aliloliita The Model Engineer and Amateur Electrician. Wasomaji aliowalenga walikuwa mafundi wa karakana, makarani, walimu na madaktari ambao jioni, kazi ya mshahara ikiisha, walijifungia katika vibanda nyuma ya nyumba zao wakitengeneza injini za mvuke za kuwekwa juu ya meza. Kila mmoja alihangaika kivyake. Tatizo lililomkosesha usingizi fundi wa mtaa huu lilikuwa limekwisha kupatiwa dawa mtaa wa pili, ila hapakuwa na wa kuvusha habari.

Mwaka huohuo chama kikaundwa London, Society of Model Engineers. Baadaye kiliongeza majaribio katika jina lake, na hadi leo kinaitwa Society of Model and Experimental Engineers. Makao yake yako kusini mwa jiji, katika nyumba iliyopewa jina la Marshall. Vyama vya miji mingine vilifuata, na mwaka 1907 yakaanza maonyesho ya jarida hilo, ambako fundi wa kibandani aliweza kuweka kazi yake mezani ikaguliwe na watu wanaojua wanachokitazama.

Injini ndogo zenyewe ni za zamani kuliko vyama. Kati ya 1763 na 1764 James Watt, fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikabidhiwa injini ndogo ya kufundishia, ya aina ya Newcomen, aitengeneze. Akaitengeneza, lakini ilipiga mapigo machache tu, mvuke ukaisha. Injini kubwa za aina hiyohiyo zilikuwa zikivuta maji migodini kutwa kucha. Watt akabaini kwamba silinda ndogo hupoteza joto upesi kuliko kubwa, kwa kuwa kuta zake ni pana mno ukilinganisha na mvuke uliomo. Kulichimba jambo hilo ndiko kulikomfikisha mwaka 1765 kwenye wazo la chombo cha pembeni cha kupoozea mvuke, wazo lililobadili viwanda vya dunia.

Aliloliona Watt, kila fundi wa kibandani hukutana nalo: injini ndogo ina sheria zake. Chukua garimoshi la Garratt la daraja la 59, lililokuwa likivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yalijengwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, miaka ya 1955 na 1956, na moja lao, Mount Gelai, linaonekana katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Lina urefu wa mita 31 na ushei, na uzito wa tani 252. Ukilipunguza kwa kipimo cha moja kwa 12, urefu unakuwa mita 2.6. Eneo la mabamba yake linagawanyika kwa 144. Uzito unagawanyika kwa 1,728, ukabaki kilo 150 hivi. Lakini maji hayajui kwamba yamo katika boila dogo, yanachemka kwa joto lilelile. Tanuri dogo linapoa haraka, na bonge la makaa lisipopasuliwa sawasawa linaziba moto. Hata lile bomba la kioo linaloonyesha kiwango cha maji, likiwa jembamba kupita kiasi, maji hung'ang'ania kuta zake na kumwonyesha dereva uongo. Anayepunguza kila kitu kwa uwiano mmoja hupata pambo zuri la kabatini, lisilovuta chochote.

Biashara ilizitambua sheria hizi kwa namna yake. W. J. Bassett-Lowke wa Northampton alianza mwishoni mwa karne ya 19 kuuza magarimoshi madogo na vipuri kwa katalogi, mengi yakitengenezwa Nuremberg, Ujerumani, na mhandisi Henry Greenly ndiye aliyemchorea. Stuart Turner, kampuni iliyokuja kukaa Henley-on-Thames, iliuza kitu tofauti: vyuma vilivyosubiwa, vikiwa bado na ukoko wa mchanga wa kalibu, pamoja na mchoro. Mnunuzi alipewa silinda isiyotobolewa na gurudumu lisilokerezwa, na kazi yote iliyobaki ilikuwa juu yake. Hadi leo seti hizo ndizo ambazo wengi huanzia.

Kuhusu magarimoshi yenyewe, fikra iliyotawala mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kwamba dogo lichemshwe kwa taa ya spiriti, livute mabehewa ya bati, na mtu asitarajie zaidi. Mwaka 1922 mtu mmoja akakataa. Jina lake la kalamu lilikuwa LBSC, herufi za shirika la reli la London, Brighton na Pwani ya Kusini, alikowahi kufanya kazi ujanani. Wenzake walimwita Curly Lawrence. Aliliandikia jarida la Marshall kwamba garimoshi la reli yenye upana wa inchi mbili na nusu laweza kuunguza makaa ya mawe na kumvuta mtu mzima, mradi boila lake lijengwe kama la garimoshi la kweli, lenye tanuri ndani na mabomba ya kupitisha moto katikati ya maji. Yakazuka mabishano yaliyokuja kuitwa Vita vya Maboila. Upande wa pili walikuwa Bassett-Lowke na Greenly. Katika maonyesho ya 1924 London pande mbili zilileta injini zao. Ya LBSC, iliyoitwa Ayesha, ilikuwa na moto wa makaa, na ilivuta watu mbele ya umma. Hoja ikaisha.

LBSC hakuishia kushinda. Kuanzia 1924 aliandika mfululizo uliofundisha ujenzi wa garimoshi kipande kwa kipande: wiki hii fremu, wiki ijayo ekseli, kisha silinda, kisha pampu. Alimwandikia mtu mwenye tupa, jiliwa na mashine ndogo ya kukereza, asiye na shahada ya uhandisi. Aliendelea hivyo kwa miongo mingi, na alipofariki 1967 alikuwa ameacha michoro ya magarimoshi mengi. Tich, garimoshi dogo la magurudumu manne kwa reli ya inchi tatu na nusu, alilichora makusudi kwa ajili ya anayeanza, na watu wanalijenga mpaka sasa. Greenly naye hakupotea. Alikuwa mhandisi wa Reli ya Romney, Hythe na Dymchurch, yenye upana wa inchi 15, iliyofunguliwa Kent mwaka 1927 na ingali ikibeba abiria.

Vita Kuu ya Pili iliwakosesha mafundi hawa chuma na shaba, na baadhi yao wakageuza mashine za nyumbani kutengeneza vipuri vidogo vya silaha. Amani iliporudi, kampuni ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, ilitoa mwaka 1946 mashine ya kukereza ya ML7, yenye bei ambayo fundi aliweza kuidunduliza. Shule nazo zilifungua karakana zao jioni kwa watu wazima. Miaka 30 iliyofuata ndiyo iliyokuwa neema ya vyama: reli zikajengwa bustanini na kwenye viwanja vya manispaa, za kunyanyuliwa juu ya nguzo kwa upana wa inchi tatu na nusu na inchi tano, abiria wakikaa wametanua miguu, na za kulazwa juu ya ardhi kwa inchi saba na robo.

Lakini reli peke yake haifanyi chama. Kiungo ni boila. Boila dogo hujengwa kwa mabamba ya shaba nyekundu. Fundi hulichoma bamba mpaka liive kwa wekundu, kisha hulizamisha majini, nalo hulainika. Hulipiga kwa nyundo ya mbao juu ya kalibu ya chuma mpaka ukingo wake ujikunje. Kabla ukingo haujamaliza kukunjika shaba imekwisha kukakamaa, na lazima irudi motoni, mara nyingine mara nne au tano kwa bamba moja. Vipande huoshwa kwa asidi, hupangwa, hupakwa dawa ya kulehemu, na hapo huja siku ya moto mkubwa: tochi mbili za gesi, mtu wa pili wa kusaidia, na lehemu ya fedha inayoyeyuka ikifika nyuzi 600 na zaidi. Shaba ikiwa na joto la kutosha, lehemu hukimbilia ndani ya kiungo yenyewe. Isipokuwa na joto, hukaa juu kama ute, na nje mtu haoni tofauti.

Kwa sababu hiyo mwenye boila haaminiwi kwa neno lake. Vyama vya Uingereza vina kanuni ya pamoja ya upimaji, na mkaguzi huchaguliwa na chama, wala haruhusiwi kupima boila alilolijenga mwenyewe. Boila jipya hujazwa maji pomoni hadi hewa yote itoke, kisha hupigwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya presha litakayofanyia kazi. Kama kazi ni pauni 80 kwa inchi ya mraba, mshale wa kipimo hupandishwa hadi 160 na kuachwa hapo, watu wakipapasa kila kiungo kutafuta unyevu. Maji hutumika kwa kuwa hayabanwi: boila likipasuka, hutoa mchirizi tu. Mvuke ungerusha vipande. Baadaye huwashwa moto kwa nguvu zote, na valvu za usalama lazima ziutoe mvuke bila presha kupita asilimia 10 juu ya kiwango. Likifaulu, huandikwa daftarini na kupewa cheti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na boila bila cheti haliingii relini siku ya wageni.

Ng'ambo ya Atlantiki walijifunza ukali huu kwa njia chungu. Walt Disney alijenga 1950 reli ya inchi saba na robo nyumbani kwake Los Angeles, na garimoshi lake, Lilly Belle, aliliita kwa jina la mkewe. Mwaka 1953 lilipinduka, mvuke ukamuunguza mtoto wa kike, na Disney akaifunga reli. Mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha Los Angeles Live Steamers, ambacho kingalipo katika bustani ya Griffith Park, na banda la karakana ya Disney limehifadhiwa hapohapo.

Ushindani nao ulipata sura yake. Tangu 1969 hufanyika IMLEC, mashindano ya kutafuta garimoshi dogo linalobana zaidi matumizi ya makaa. Hapa kasi haihesabiwi. Makaa hupimwa kwa mizani kabla na baada, behewa maalumu hurekodi nguvu ya mvuto na umbali, na kazi iliyofanywa hulinganishwa na joto lililokuwamo katika makaa. Mshindi hupata asilimia chache tu. Somo la Watt halijazeeka.

Wapo pia wasiojali mvuto. Cherry Hill, mwanamke Mwingereza aliyejenga injini za mvuke za barabarani na mashambani za karne ya 19 kwa kipimo cha moja kwa 16, alishinda mara tisa kombe la Duke of Edinburgh, kubwa kuliko yote katika fani hii. Alipenda zile ambazo waliozibuni walikuwa wamesahauliwa, akizifufua kutoka katika hati za hataza na michoro ya magazeti ya wakati ule. Katika ulimwengu uliojaa wanaume, hakuna aliyemzidi.

Leo mambo yamebadilika. Kiwanda cha Myford cha Beeston kilifungwa 2011. Mgodi wa makaa wa Ffos-y-fran, Wales, ulisimamishwa Novemba 2023, na mwaka uliofuata Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa. Vyama sasa huchoma makaa ya kuagiza au matofali ya makaa yaliyochanganywa kiwandani, na kila dereva ana lake la kusema kuhusu majivu yake. Vijana wanaoingia wengi hawakupitia karakana yoyote. Wanajua kuchora kwa kompyuta na kukata bamba kwa leza, na wazee wanawafundisha tupa huku wao wakiwafundisha wazee leza.

Ujenzi wa garimoshi moja hula miaka 10, mara nyingine 20, na si wote wanaofika. Mwenye kibanda akifariki, chama ndicho humsaidia mjane kujua mashine zina thamani gani na nani atainunua injini iliyobaki fremu na magurudumu. Mwingine huichukua, hununua shaba, huendeleza. Siku boila linapofika mezani kwa mkaguzi, pengine limepitia mikono ya mafundi watatu ambao hawakuwahi kuonana. Mkaguzi haulizi ni la nani. Hujaza maji na kuanza kupiga pampu.