Mukasa Asiyepata Maji

Hapa Mahagi-Port ziwa ndilo shamba letu, tena ndilo kaburi la wengi. Miaka kadhaa iliyopita dhoruba ya usiku ilipindua mtumbwi wa wavuvi. Humo alikuwamo kijana mkatekumeni, aliyebakiza majuma matatu tu kufika Pasaka na ubatizo wake, pamoja na mjomba wake, mtu wa dini ya Islamu. Wote wawili walizama. Baada ya matanga mama wa kijana alinijia akauliza: “Mwalimu, mtoto wangu yuko wapi? Na kaka yangu je?”

Nilikuwa nimetoka seminari karibuni, kichwa kimejaa vitabu. Juu ya mtoto nilimpa maneno ya faraja. Juu ya kaka yake nilinyamaza kwanza, kisha nikasema neno gumu ambalo najuta mpaka leo.

Tangu siku ile nimetafuta jibu katika habari za zamani, wala sikuanza mbali. Nilianza ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Uganda.

Kila Mkristu wa huku anajua tarehe 3 Juni 1886, siku Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini ni wachache wanaoisoma orodha ya wale watakatifu 22 jina kwa jina. Yumo Mukasa Kiriwawanvu. Hana jina la ubatizo, kwa sababu hakubatizwa. Karoli Lwanga alipowabatiza wakatekumeni wenzake, na mdogo Kizito kati yao, Mukasa alikuwa kifungoni kwa ajili ya ugomvi wake na Gyavira. Alipotolewa alijiunga na kundi, akapatana na Gyavira, akafa pamoja nao. Maji hayakumfikia. Hata hivyo tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu sawasawa na wengine.

Jambo hili si geni katika Eklezya. Watu hupenda kumtaja Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago katika Afrika ya kaskazini, aliyeuawa mwaka 258, kwamba alifundisha ya kuwa nje ya Eklezya hakuna wokovu. Ni kweli alisema hivyo. Lakini alikuwa akigombana na Wakristu waliolipasua kundi, si na watu wasiopata kusikia Injili. Tena yeye yule aliandika kwamba mkatekumeni auawaye kwa ajili ya Kristu hubatizwa katika damu yake.

Na kijana wetu, ambaye hakuuawa na mtu bali na mawimbi? Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili alikufa kabla ya kupata ubatizo alioutaka. Dada zake walilia sana. Mtakatifu Ambrosio, Askofu wa Milano, aliwafariji akisema kwamba kile alichokiomba amekwisha kukipata. Basi hapo sikuwa nimekosea.

Shida ni mjomba. Siwezi kuficha kwamba Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, ulitamka maneno makali juu ya wote walio nje. Siku zile watu wengi wa Ulaya walidhani Injili imekwisha kusikika duniani kote, na asiyeipokea ameikataa kwa ukaidi. Miaka 50 baadaye merikebu za Kolumbo zilifika nchi zisizojua hata jina la Yezu, na waalimu wa dini wakaanza kuuliza maswali mapya. Mwaka 1863 Papa Pio IX alifundisha waziwazi: asiyeijua dini yetu bila kosa lake, akishika sheria ambayo Mungu ameiandika moyoni mwake, aweza kupata uzima wa milele kwa nuru na neema ya Mungu. Katika Marekani padri mmoja, Leonard Feeney, alishikilia maana ya ukali kabisa. Roma ilimsahihisha mwaka 1949, na kwa kukataa kutii alitengwa mwaka 1953. Alipatanishwa na Eklezya mwaka 1972.

Kisha tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwataja Waislamu kwa jina, kwamba wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Nilipoyasoma hayo niliona haya. Kumbe hata maneno ninayofundishia katekisimu, imani, dhambi, toba, rehema, malaika, yote yametokana na Kiarabu, yakatufikia kwa njia ya pwani!

Turudi Uganda. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwislamu, Ahmed bin Ibrahim, alithubutu kumwambia Kabaka Suna kwamba watu anaowaua ni viumbe vya Mungu. Hakuna padri aliyekuwa amefika huko. Mapera na Bruda Amans walifika mwaka 1879. Na mwaka 1876, miaka 10 kabla ya Karoli Lwanga, Kabaka Mutesa aliwaua makumi ya vijana Waislamu wa baraza lake. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani miaka mingi, lakini hakutahiriwa. Vijana wakakataa kula nyama aliyoichinja mtu wa namna hiyo. Walichomwa moto, na mahali ni Namugongo pia. Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 alizungumza na wakubwa wa Waislamu, akawakumbuka kwa heshima wale waliokufa kwa ajili ya dini yao.

Wengine huniuliza: kama ni hivyo, mbona tunafundisha? Mtaguso ule ule ulisema kwamba anayejua ya kuwa Eklezya ni ya lazima, akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hawezi kuokoka. Mzigo huo ni wetu tuliosikia. Na kama mjomba ameokoka, aliyemwokoa ni Yezu Kristu, hata kama hakumjua. Kwa nini basi ndugu zake wasiambiwe jina hilo?

Nilikwenda kumwomba yule mama msamaha. Mwezi wa Novemba alileta karatasi ya marehemu wake wa kuombewa katika Misa. Jina la mtoto lilikuwamo, jina la nyumbani tu. La kaka yake hakuliandika, alidhani nitakataa. Nilimwuliza jinsi ya kuliandika, nikachukua kalamu, nikalitia chini ya lile la kwanza.